Land Rover yako ni ya nani? Stori ya spea zenye majina ya watu wengine

Kuna siku nilikuwa nimekaa gereji moja Ilala nasubiri gari la shemeji yangu, pembeni kuna jamaa na Freelander 2 yake nyeusi, kaja kubadilisha lile bomba la plastiki linalotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye injini. Katoka kulinunua mwenyewe Gerezani, lipo kwenye boksi lake safi kabisa, boksi limeandikwa Land Rover na namba inayoanza na LR. Fundi kalitoa, kaligeuza, na hapo ndipo jamaa akaona maandishi yaliyo kwenye plastiki yenyewe: FoMoCo, na chini yake namba ndefu yenye vistari ambayo haifanani hata kidogo na ile ya kwenye boksi. Jamaa akawaka. Nimepigwa, hii feki, leo watanitambua, na simu keshaitoa mfukoni anatafuta namba ya duka.

Fundi ni mzee wa makamo, hakubishana naye. Akachukua lile bomba la zamani, lililokuja na gari toka kiwandani, akalisugua na tambara lenye petroli mpaka uchafu wa miaka yote ukatoka. FoMoCo. Namba ile ile, tofauti ni herufi ya mwisho tu.

"Sasa mzee, hii si ya Ford hii? Mimi nina Land Rover."

"Bosi, kwani hiyo Land Rover wakati inatengenezwa ilikuwa ya nani?"

Jamaa akanyamaza, na mimi nikajikuta nacheka peke yangu, maana hilo swali ni zuri kuliko maelezo mengi niliyowahi kusoma kuhusu magari. FoMoCo ni kifupi cha Ford Motor Company, na Freelander 2 ilipoanza kutoka kiwandani mwaka 2006 mwenye Land Rover alikuwa Ford wa Marekani. Kwa hiyo spea ilikuwa orijino kabisa, duka la watu halikuwa na kosa. Kinachochanganya ni kwamba watu wengi tunadhani jina la mbele ya boneti, kampuni inayomiliki hilo jina, na watu waliotengeneza vyuma vya ndani ni kitu kimoja. Zamani sana labda. Siku hizi hayo ni mambo matatu tofauti na kila moja lina mwendo wake.

Tubaki na hiyo hiyo Freelander 2, maana sijui gari lingine linaloonyesha hii habari vizuri kama hilo. Wanasema gari la Muingereza, na kweli liliunganishwa Halewood, jirani na Liverpool, lakini hicho kiwanda kilikuwa cha Ford, miaka mingi kilikuwa kinatoa Ford Escort. Mifupa yake ya chini ni ukoo mmoja na Volvo S80 na Ford Mondeo ya 2007. Injini yake ya petroli ya silinda 6, ile ya 3.2, ni ya Volvo, iliyokuwa inaundwa kwenye kiwanda cha Ford kule Bridgend, Wales. Injini ya dizeli ya 2.2 imetokana na ushirikiano wa Ford na Peugeot, ndiyo maana injini ya ukoo huo utaikuta kwenye Peugeot na Citroën. Gia boksi ya otomatiki ni ya Aisin, Wajapani wa ukoo wa Toyota. Na ule mtambo unaopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma ni Haldex, Wasweden. Sasa niambie Uingereza iko wapi hapo. Ipo, kwenye usanifu, kwenye jinsi springi na sensa na programu zilivyopangwa ili gari lipite kwenye tope bila kulia, na hiyo si kazi ndogo, lakini ukifungua boneti unakutana na mkutano wa Umoja wa Mataifa.

Hilo neno mifupa nalitumia kwa maana ya kile ambacho wenyewe wanaita platifomu. Watu wanadhani platifomu ni chesisi, kile chuma cha chini kama cha lori. Hapana, magari mengi madogo ya sasa hayana chesisi ya kujitegemea. Platifomu ni zaidi mkusanyiko wa maamuzi: injini itakaa wapi na itashikwa na mauntini zipi, umbali kati ya pedeli na ekseli ya mbele, vyuma vya kufyonza ajali vitapita wapi, waya zitapita wapi, mabomba ya AC yatapita wapi. Haya mambo huyaoni ukiwa showroom, na ndiyo yanayokula hela, maana kuyabuni na kuyapima upya toka sifuri kunamaliza mabilioni ya dola. Bodi, taa, viti, dashibodi ni nguo tu. Kwa hiyo kampuni ikishalipia mifupa mara moja, inataka iivalishe nguo nyingi iwezekanavyo, huyu aitwe Volvo, huyu Ford, huyu Land Rover, kila mmoja auzwe bei yake.

Na msidhani ni mambo ya wazungu tu. Toyota Passo zinazotujazia foleni hapa mjini zilitengenezwa na Daihatsu, ndugu yake anaitwa Daihatsu Boon. Ile Toyota Rush na Daihatsu Be-go ni gari moja. Injini ya 1KR ya silinda 3 iliyoko kwenye Passo na Vitz ya cc 1000, iliyoisanifu ni Daihatsu. Toyota alishika zaidi ya nusu ya hisa za Daihatsu mwaka 1998 na kuimeza yote mwaka 2016. Hakuna anayelalamika kwa sababu wote ni Wajapani na spea zipo kila kona. Maneno yanaanza pale mmiliki anapotoka nchi nyingine.

Sasa turudi kwa Land Rover, maana historia yake ya kuuzwa uzwa ni kama ya kiwanja chenye hati tano. Ilianza 1948 chini ya kampuni ya Rover. Mwaka 1968 ikajikuta ndani ya lile jitu kubwa la British Leyland, 1975 serikali ya Uingereza ikalichukua jitu lenyewe maana lilikuwa linazama, 1988 serikali ikawauzia British Aerospace, watu wa ndege, hata usiulize kwa nini. 1994 BMW wa Ujerumani wakanunua kundi zima kwa pauni milioni 800. Miaka sita baadaye, 2000, BMW wamechoka na hasara, wakagawa kama urithi: Land Rover wakamuuzia Ford kwa karibu dola bilioni 2.7, Mini wakabaki nayo wenyewe, na magari ya Rover yenyewe wakayaachia kikundi cha wafanyabiashara Waingereza kwa pauni 10. Ndiyo, pauni kumi, hela ya chips na soda. Kampuni hiyo ikafa 2005, mabaki yakaenda China, ndiyo maana leo MG ni ya Wachina wa SAIC. Na mwaka 2008 Ford akauza Jaguar na Land Rover kwa pamoja kwa Tata wa India, dola bilioni 2.3. Ukikumbuka kwamba Jaguar peke yake Ford aliinunua mwaka 1989 kwa kama dola bilioni 2.5, unaona mwenyewe hesabu ilivyomkalia. Tata ndio hao hao wa malori unayoyaona yamebeba mchanga.

Kitu ambacho watu hawakitilii maanani ni muda. Gari jipya kulibuni mpaka litoke ni kama miaka minne au mitano, halafu linauzwa miaka saba, kumi, na injini inaweza kuishi zaidi ya hapo. Mmiliki anaweza kubadilika ndani ya asubuhi moja, watu wanasaini karatasi wanapiga picha, lakini gari linaloendelea kutoka kiwandani siku hiyo ni la yule aliyeondoka. Kwa hiyo siku zote unaendesha maamuzi ya mmiliki aliyepita.

Mfano mtamu kuliko yote ni Range Rover ile iliyotoka 2002. Ile ilibuniwa enzi za BMW, kwa hela ya BMW, ina injini ya V8 ya lita 4.4 ya BMW, dizeli ya BMW, na umeme wa ndani, redio, skrini, vya ukoo wa BMW za wakati huo. Ilipokaribia kutoka, BMW akauza kampuni. Ford akajikuta ananadi gari lake la kifahari kabisa huku kila injini inabidi ainunue kwa mshindani wake Munich. Unaweza kufikiria hicho kikao. Ikabidi iende hivyo miaka kadhaa, kufika kama 2005 ndiyo wakaichomoa V8 ya BMW wakaweka ya Jaguar, ambayo nayo ilikuwa ya ukoo wa Ford, dizeli ikafuata. Lakini sehemu ya ule umeme wa BMW ikabaki humo humo miaka mingine. Ndiyo maana fundi anayezijua Range Rover za kizazi hicho kitu cha kwanza anakuuliza ni ya mwaka gani, na wala si swali la kupotezea muda. Bodi ile ile, jina lile lile, ya 2003 na ya 2007 injini zake hazina hata undugu.

Na hata huko nyuma Uingereza haikuwa safi kama tunavyosimuliwa. Ile V8 ya alumini iliyoipa Range Rover ya kwanza sifa mwaka 1970, ambayo wazee wanaitaja kwa heshima zote, asili yake ni Buick. Rover walinunua haki zake kwa General Motors wa Marekani katikati ya miaka ya 60, na ikaendelea kutumika kwenye Land Rover mpaka 2004. Kwa hiyo mtu akikuambia "Land Rover iliharibika ilipochukuliwa na Wamarekani", mwambie moyo wake ulikuwa wa Kimarekani tangu babu yake yuko shule. Hata Defender ya zamani, gari ambalo kila mtu anajua ni Muingereza halisi, kuanzia 2007 ilikuwa inatembelea injini ya Ford Transit, ile ya vani, na imeenda nayo hivyo mpaka uzalishaji wake uliposimama Januari 2016.

Mimi binafsi naona enzi za Ford zilikuwa nzuri kwa Land Rover kuliko watu wanavyokubali. Discovery 3, Range Rover Sport, Freelander 2, zote zimetoka hapo. Walipokosea ni Jaguar. Waliichukua platifomu ya Mondeo wakatengeneza Jaguar X-Type mwaka 2001, gari si baya hata kidogo, lakini mteja wa Jaguar akishasikia neno Mondeo moyo unaruka. Undugu wa chini kwa chini watu hawana shida nao, shida ni pale unapouona. Aston Martin DB7 nayo, wakati huo mmiliki ni Ford, taa zake za nyuma zimetoka kwenye Mazda 323, kwa kuwa Ford alikuwa na hisa kubwa Mazda. Gari la bei ya nyumba, taa za gari la mwalimu. Ila zilikaa vizuri, wengi hawakugundua, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Halafu kuna suala la talaka. Makampuni yakiachana hayaachani kama wapangaji wa Manzese, begi nje na mlango umefungwa. Ford alipomuuzia Tata mwaka 2008 ilibidi waandikiane mikataba kwamba Ford ataendelea kuwauzia injini kwa miaka, vinginevyo viwanda vingesimama wiki hiyo hiyo. Range Rover Evoque ilipotoka 2011 watu walishangilia gari jipya la enzi za Mhindi, kumbe dizeli yake ni ile ile ya Ford na Peugeot na petroli ni EcoBoost ya Ford. Injini zao wenyewe, zinaitwa Ingenium, walianza kuzitoa kiwandani kwao Wolverhampton, na kwenye magari zikaingia kuanzia 2015, yaani miaka saba baada ya kununuliwa. Na V8 yao ikaendelea kutengenezwa kwenye kiwanda cha Ford Bridgend mpaka kile kiwanda kilipofungwa 2020. Baada ya hapo unadhani V8 ya Range Rover mpya ya 2022 walienda kuinunua kwa nani? BMW. Yule yule aliyewaacha mwaka 2000. Safari hii hana hata hisa moja, ni biashara tu, leta injini chukua hela.

Volvo walikuwa nyumba moja na Land Rover hapo kwa Ford, nao wakaenda njia nyingine. Ford aliinunua Volvo ya magari madogo 1999 kwa dola bilioni 6.45, akaiuza 2010 kwa Geely wa China kwa bei waliyokubaliana ya dola bilioni 1.8. Watu walisema imekwisha hiyo. Lakini Geely aliwaacha Wasweden wajenge platifomu yao wenyewe kwanza, ndiyo ikatoka Volvo XC90 mpya, halafu baadaye ndiyo wakatengeneza nyingine ndogo kwa pamoja, ambayo XC40 inaigawana na magari ya Geely. Kwa mtazamo wangu huyo Mchina alikuwa na subira ambayo Ford hakuwa nayo, ingawa pia Ford alikuwa na madeni yanamkaba kooni wakati ule, tusimuonee. Na hapa niseme kitu kwa sababu naulizwa kila mara: lori la Volvo linalokupita Chalinze si la kampuni ya huyo Mchina, ingawa mwishoni mwa 2017 naye alitangaza kununua sehemu ndogo ya hisa za wenye malori. Kampuni ya malori haikuuzwa pamoja na magari madogo, ni mbili tofauti tangu 1999, wanachogawana hasa ni jina.

Sasa kwa mtu wa kawaida mwenye gari, hii yote ina faida gani? Moja kubwa, namba. Ile namba ya vistari iliyomchanganya jamaa yetu ni namba ya kiufundi ya Ford, ina mafungu matatu. Fungu la kwanza, kwa spea za miaka hiyo, linaanza na tarakimu ya mwaka, 6 ni 2006, na zinazofuata zinahusu mradi wa gari. Fungu la katikati ndilo linasema ni kitu gani, kwa mfano Ford wana miongo wanatumia 9601 kwa filta ya hewa. Fungu la mwisho, AA, AB, AC, ni marekebisho, yaani spea imeboreshwa mara ngapi. Ndiyo maana bomba jipya la jamaa lilitofautiana na la zamani kwenye herufi ya mwisho. Ile namba ya LR kwenye boksi ni ya kuuzia tu, ni Land Rover wanajipangia stoo yao. Volvo nao wana yao. Kitu kikiwa ni kile kile kabisa unaweza kukikuta kwenye maboksi matatu, namba tatu, bei tatu, na mara nyingi boksi lenye jina la kifahari ndilo linakuumiza.

Ila tusipelekane mbio hapo. Kushirikiana mifupa haina maana kila kitu kinaingiliana. Kifaa kinaweza kufanana kwa macho, tundu za bolti zile zile, lakini springi ngumu zaidi, au sensa inaongea lugha nyingine na kompyuta ya gari, ukiifunga taa ya injini inawaka na hapo sasa unaanza kuzunguka na mashine ya kupimia mji mzima. Vitu vya mpira, mabomba, filta, beringi, hivyo ukilinganisha namba vizuri mara nyingi unatoka salama. Vitu vyenye waya nenda na namba yako kamili, mpaka zile herufi za mwisho. Na kile cha zamani usikitupe mpaka kipya kimefungwa na gari limewaka. Yule jamaa siku hiyo aliondoka na bomba lake bovu kwenye buti, kalifunga kwenye gazeti kabisa, anasema litamsaidia siku akihitaji jingine.

Hiyo platifomu ya Freelander 2 yenyewe bado inatembea, mjue. Land Rover waliibadilisha badilisha ikawa ya Evoque, halafu Discovery Sport ya 2014, na toka hapo Tata wakaishusha nyumbani India wakatengenezea Tata Harrier, iliyotoka 2019, na dizeli ya Fiat wakaitia humo. Kitu kilichoanza na Wasweden na Wamarekani kimefika Pune kina injini ya Mtaliano. Na jina Freelander nalo halijafa, 2024 Jaguar Land Rover na Chery wa China walitangaza kwamba litarudi kama brandi ya magari ya umeme, yatakayotengenezwa kiwandani kwao Changshu juu ya platifomu ya Chery. Kwa hiyo kuna siku gari lenye jina hilo litaingia gereji kama ile ya Ilala, fundi atalisugua na tambara, na FoMoCo hatoiona tena.